Barua ya wazi kwa wakubwa wa elimu na utamaduni: tufungulieni kumbi jioni, watu wazima tunataka kujifunza muziki

Waheshimiwa mawaziri mnaosimamia elimu na utamaduni, wakuu wa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima (TEWW), wakuu wa vyuo vya maendeleo ya wananchi, na nyie wakurugenzi wa halmashauri, shikamooni kwa mlionizidi umri, na wengine wote habari za kazi.

Naandika kama mkazi wa Dar, mtu wa kazi za mchana kama wengi tu, na naandika kuhusu watu ambao sijawahi kusikia wakitajwa kwenye hotuba yoyote ya sanaa, yani watu waliovuka miaka 30, 40, 50, wana kazi na familia, na wanataka kujifunza muziki. Hawatafuti ustaa wala hawataki kutoa albamu. Wanataka kujua kupiga gita vizuri, kusoma nota, kupuliza saksafoni, kuimba sauti ya tatu bila kupotea, halafu wakae na wenzao jioni baada ya kazi wapige kitu kimoja pamoja kikaeleweka.

Ombi naliweka hapa juu kabisa ili hata mwenye haraka alione. Fungueni kumbi na madarasa ya vyuo vya maendeleo ya wananchi, vile vya kufundisha watu wazima ufundi, kuanzia saa 11 jioni mpaka saa 3 usiku, wekeni mwalimu wa muziki na vyombo vichache, mruhusuni mtu mzima yeyote aingie bila kuulizwa cheti cha form four, na kila darasa liwe na bendi yake au kwaya yake ya wanafunzi. Hilo la mwisho ndo naomba mlisome mara mbili, nitalirudia huko chini kwa sababu ndo kiini chenyewe.

Sasa mtu anaweza kusema mbona vyuo vya muziki vipo. Vipo kweli na tunajivunia. Tuna TaSUBa pale Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, tuna idara ya sanaa pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kule Arusha Makumira wanatoa hadi digrii ya muziki. Ila wakuu, hizo kozi ndefu zimepangwa kwa ajili ya kijana aliyetoka shule na vyeti vyake mkononi, ana miaka miwili mitatu ya kukaa darasani mchana na anataka muziki uwe kazi yake. Fundi umeme wa Mbagala ana wateja wanamsubiri na watoto wa ada, hawezi kufunga kazi akahamia Bagamoyo, ni kama kilomita 70 toka mjini, na hata angeweza, hana shida ya diploma. Ana shida ya Jumanne jioni.

Kinachobaki ni mwalimu binafsi anayelipwa kwa saa, ambaye wengi hatummudu, au YouTube, au kwaya ya kanisani. YouTube inasaidia sana mwanzoni, sitaidharau, lakini haikuoni unavyoshika gita, haikwambii mkono wako umekunjwa vibaya, na haiwezi kukwambia unakimbia mbele ya mdundo. Na kwaya, waheshimiwa, kiukweli kwaya ndo shule kubwa kuliko zote ya muziki wa watu wazima nchi hii, na watu hawaipi heshima hiyo. Nenda parokia yoyote au usharika wowote jioni ya siku ya mazoezi utamkuta mama muuza mboga anasoma tonik solfa ubaoni, d r m f s l t, anaikamata sauti ya pili kwa kuiangalia tu, na huyo mama shuleni aliishia la saba. Lakini mwalimu wa kwaya anafundisha kinachotakiwa Jumapili, hana muda wa kumweleza mtu kwa nini kodi hii, yani nota kadhaa zinazopigwa pamoja, inakwenda kwenye ile, wanakwaya wengi hawagusi kinanda kabisa maana mpiga kinanda ni mmoja, na jirani yangu Muislamu mwenye sauti nzuri mno ya besi hana pa kwenda.

Nirudi kwenye kiini. Mtu mzima hajifunzi muziki kama mtoto. Vidole vyake vimekaza, ni kweli, na anachoka mapema kwa sababu amesimama kazini tangu asubuhi. Ila sikio lake limesikiliza muziki miaka yote hiyo, anazijua nyimbo, anajua wapi gita linatakiwa kuingia hata kama yeye hawezi kuliingiza. Kinachomuangusha siyo kichwa kizito kama watu wanavyodhani, kinachomuangusha ni kwamba hakuna anayemsubiri. Akirudi amechoka akaliacha gita ukutani leo, hakuna atakayeuliza, na kesho hivyohivyo, mwisho linauzwa. Wengi wameishia hapo. Akiwa kwenye kikundi mambo yanabadilika, maana Alhamisi kuna watu wanne pale na wimbo hauendi bila besi, na besi ni yeye.

Na muziki wetu wenyewe umejengwa kwa namna ambayo kila mtu anapata pa kuanzia. Chukua bendi ya dansi ya kawaida. Anayepiga gita la ridhim, lile la kushika mdundo, anaweza kuanza na kodi mbili tatu, azizungushe wimbo mzima bila kusimama, kazi yake ni kutulia tu kwenye mdundo. Wa besi ana nota chache lakini lazima zianguke mahali pake. Gita la pili linajibizana na solo. Solo anakuja yule aliyekaa muda mrefu. Na tumba zipo, na waitikiaji wapo, na wapulizaji wakianza wanaweza kupewa nota ndefu tu za kujaza nyuma ya mwimbaji. Taarab hivyohivyo, mgeni anaweza kukaa na ngoma ya dufu au akaingia kwenye uitikiaji huku anamwangalia mpiga fidla na mpiga udi, hivyo vyombo vya nyuzi, kwa karibu mwezi hadi mwezi. Kwa hiyo ngazi ipo tayari ndani ya muziki wenyewe, na mtu aliyeanza wiki iliyopita na mtu wa miaka 20 wanapiga wimbo mmoja na wote wana kazi. Ukimweka mtu mzima peke yake chumbani na zoezi la skeli unamnyima kitu ambacho muziki wetu ulishamwandalia.

Niliona hili kwa macho kwenye kikundi chetu kidogo. Kuna baba mmoja ni dereva wa daladala, alikuja akiwa hajawahi kushika gita, mwalimu akampa ridhim na kodi mbili, akamwambia usiangalie vidole, niangalie mguu wangu. Mguu wa mwalimu unapiga chini pole pole. Yule baba alikuwa anakandamiza nyuzi kwa nguvu mpaka kucha zinageuka nyeupe, kila akibadilisha kodi anachelewa nusu, wimbo unapita anaukimbilia. Mwalimu hakusimamisha. Aliwaacha wengine waendelee kuzungusha palepale, tena na tena, bila mtu kumtazama, mpaka ikafika mahali mkono ukalegea wenyewe na kodi ya pili ikaanguka pamoja na besi. Tuliisikia wote. Hakuna aliyesema kitu, wa tumba tu aliongeza kidogo, na tukaendelea mpaka mwisho. Hicho kitu hakiwezi kutokea ukiwa peke yako na simu.

Kile kikundi sasa hivi hakina pa kukaa. Tulikuwa tunatumia darasa la shule moja ya msingi jioni, kwa makubaliano ya mdomo, tunafagia, tunapanga madawati kama tulivyoyakuta. Siku moja tukaambiwa tuje na barua. Tukapeleka barua. Tukaambiwa barua ipitie ofisi nyingine, kule wakauliza sisi ni NGO, ni bendi au ni chama, na kama ni bendi tuna usajili wa bendi, na kama siyo bendi magita ya nini. Tukajibu sisi ni wanafunzi, tunajifunza. Hapo ndo palikuwa pagumu, kwa sababu kwenye fomu hakuna sehemu ya mtu wa miaka 47 anayejifunza tu. Yule ofisa hakuwa na ubaya wowote na sisi, alikuwa hajui atuweke fungu gani. Darasa likafungwa na mpaka leo ikifika jioni linakaa giza.

Waheshimiwa, hii nchi ilishawahi kuwa na hilo fungu, tena kubwa. Mwalimu Nyerere mwaka 1964 akiuleza bungeni mpango wa miaka mitano alisema tuanze na watu wazima, kwa sababu watoto wetu itachukua miaka mitano, kumi, hata ishirini kabla mchango wao haujaonekana. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, takriban watu milioni 2 walikaa kwenye vikundi, redio katikati, kitabu kidogo mkononi na kiongozi wa kikundi aliyepewa mafunzo ya muda mfupi, wakajifunza na wakatoka wakachimba vyoo kwelikweli. Kwenye 1986 hesabu za serikali zilisema wasiojua kusoma wameshuka chini ya asilimia 10. Angalieni jinsi ilivyofanyika. Hakikujengwa chuo kwanza. Yalichukuliwa madarasa yaleyale, misikiti, makanisa, chini ya miembe, jioni watu wakitoka shamba, na watu walisoma kwa kikundi, siyo mmoja mmoja.

Na upande wa muziki serikali na mashirika yake ndo walikuwa wenye vyombo. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, ndo hao baadaye wakawa JUWATA na leo tunawaita Msondo. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo, UDA Jazz ya shirika la mabasi, Bima Lee ya shirika la bima, polisi na jeshi na JKT wote walikuwa na bendi zao. Wanamuziki kibao waliiva ndani ya bendi hizo wakiwa watu wazima, wakakuta wakongwe, wakaanzia kwenye ridhim au waitikiaji wakapanda. Mashirika yalipokufa au kuuzwa, vyombo vikaondoka, na ile njia ya mtu mzima kujifunza kazini ikafa nayo, na hakuna kilichowekwa mahali pake. Sidai mrudishe bendi za mashirika, najua dunia imebadilika. Nadai ile sehemu yake ya shule.

Kabla ya hapo pia. Barabara ya Bibi Titi Mohamed tunapita kila siku na foleni zake, wangapi wanakumbuka kwamba Bibi Titi alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha akina mama kilichoitwa Bomba, na mwaka 1955 alipoambiwa aandikishe wanawake TANU alikwenda moja kwa moja kwa viongozi wa vikundi vya ngoma vya mjini? Watu wazima waliokuwa wanakutana kuimba pamoja ndo walikuwa wa kwanza kujipanga. Walikuwa wanajuana, wanaaminiana, wana siku yao ya kukutana. Vikundi kama vile haviundwi kwa semina.

Na hapohapo Mnazi Mmoja kuna Arnautoglu. Wazee wa mji huu wakisikia jina hilo wanakumbuka ukumbi wa dansi, bendi, mikutano, watu wamevaa vizuri. Leo Arnautoglu ni chuo cha maendeleo ya wananchi, kiko chini ya Wizara ya Elimu, kinafundisha kushona, upishi, umeme na mambo mengine ya maana. Yani jengo ambalo watu wa mji huu walilijua kwa muziki limekuwa mali ya elimu ya watu wazima, vitu viwili vyote ninavyoomba viko chini ya paa moja, kinachokosekana ni mtu wa kusema jioni ya siku fulani kutakuwa na darasa la muziki. Naomba muanzie hapo. Kisha mwende kwenye vile vyuo vingine, maana viko zaidi ya 50 nchi nzima, vingi viko wilayani ambako hata mwalimu binafsi wa gita hayupo.

Hivi vyuo vilianzishwa kuanzia 1975 kwa mfano wa Sweden, na Wasweden wenyewe walisaidia. Kule kwao vyuo vya aina hiyo vingi vina kozi za muziki, mtu mzima anaenda anasoma muziki kama mwingine anavyosoma useremala. Halafu wana kitu wanakiita duara la kusoma, watu wachache wanajipanga wasome jambo fulani pamoja, wanapewa chumba na msaada kidogo wa fedha ya umma, na muziki ni moja ya masomo yanayoongoza kwenye maduara hayo, bendi kibao za mtaani zinafanya mazoezi kwenye vyumba hivyo. Sisi tulichukua cherehani na randa tukaacha gita. Naelewa kwa nini, nchi ilikuwa maskini na ilitaka ujuzi wa kuingiza mkate, lakini miaka 50 imepita sasa.

Kuna watu watauliza hela. Sawa. Kwa kikundi kimoja cha kuanzia mnahitaji magita matatu manne na besi moja, kinanda kimoja, amplifaya ndogo mbili, tumba, ubao, na kabati lenye kufuli. Nyuzi zinakatika hivyo lazima kuwe na fungu la nyuzi kila baada ya muda, hili watu huwa wanalisahau, vyombo vinanunuliwa kwa sherehe na picha halafu nyuzi zikikatika gita linakaa miaka. Sisi wanafunzi tutachanga ada ya mwezi ya kuweza kumlipa mlinzi na umeme. Kelele? Vyuo vingi vina maeneo yao, na mazoezi ya amplifaya ndogo yanayoisha saa 3 hayafiki hata robo ya baa.

Walimu ndo nataka mkae mfikirie vizuri. Mji huu una wanamuziki wa zamani waliopiga kwenye bendi kubwa miaka na miaka, wapo Kinondoni, wapo Temeke, wapo Ilala, wengi kazi za kupiga usiku zimewashinda kwa umri na hali zao siyo nzuri, ila masikio na vidole bado vipo. Mkitangaza ajira ya mwalimu mwenye digrii hawatapita hata mmoja. VETA, wale wa mafunzo ya ufundi, wana utaratibu mzuri sana wa kumpima fundi aliyejifunzia mtaani na kumpa cheti kwa ujuzi alionao, fundi magari anapimwa, mpishi anapimwa, seremala anapimwa. Fanyeni hivyohivyo kwa mpiga solo wa miaka 65. Mpeni mafunzo mafupi ya namna ya kufundisha watu wazima, hilo TEWW wanalijua kuliko mtu yeyote, tangu sheria yao ya 1975 hiyo ndo kazi yao. Mlipeni posho ya kueleweka. Akifa na alichonacho hakuna kitabu kilichoandikwa.

Naomba pia msikabidhi jambo hili kwa wafadhili peke yao. Zanzibar wana chuo chao cha muziki, Dhow Countries Music Academy, kilichoanza 2002, kimefundisha vijana na watu wazima kupiga udi, kanuni (chombo cha nyuzi nyingi), fidla, ngoma, kimetoa wanamuziki ambao leo wanazunguka dunia. Mwaka 2019 hicho chuo kilitangaza kinakaribia kufunga kwa sababu ya ukata baada ya misaada kupungua. Chuo chenye sifa zote zile. Visiwa ambavyo Ikhwani Safaa ipo tangu 1905, klabu ambayo watu wazima wamekuwa wakikutana kujifunza na kupiga kwa zaidi ya karne, visingetakiwa kufika pale. Wafadhili wanabadilisha vipaumbele kila baada ya miaka mitatu, mtu mzima anayejifunza fidla anahitaji kumi.

Na tafadhali msitupe mikopo. Mikopo ya wasanii iliyopo ni kitu kizuri kwa anayefanya sanaa kama biashara, lakini sisi hatuna cha kuuza, tukikopa tutarejesha na nini? Na msitupangie mitihani. Akitaka mtihani atafanya, njia iwepo, ila mlango wa kuingilia usiwe huo. Kipimo chetu kiwe rahisi tu: mara mbili kwa mwaka kila kikundi kipige mbele ya watu wa mtaa wake, bure, kwenye ukumbi huohuo, na mkurugenzi aje akae aone watu wangapi walianza na wangapi bado wapo.

Kwa hiyo nasubiri majibu, na siyo mimi tu. Naomba kujua ni ofisi gani kati yenu inalichukua hili, maana Elimu mtasema ni sanaa na Utamaduni mtasema ni elimu, na sisi tutabaki katikati na magita yetu. Kaeni pamoja mara moja, mtaje mtu mmoja mhusika, na ikiwezekana mseme kama Arnautoglu inaweza kufunguliwa jioni mbili kwa wiki kwa majaribio ya mwaka mmoja. Kikundi chetu kiko tayari kuwa cha kwanza. Tutakuja na vyombo vyetu vilivyopo, tutapaka rangi chumba mtakachotupa na kurudisha vioo vya madirisha kama vimevunjika. Mwalimu tunaye, ana miaka 68, alipiga besi kwenye bendi ya shirika mpaka shirika lilipokufa, na ameshakubali.

Wenu,
Mwanafunzi wa gita la ridhim, Dar es Salaam